Mbwa wa manyoya ya kipilipili: dalili, chanzo na pa kuanzia

Mbwa wengi wa huku kwetu kusini ni wa kulinda. Wana manyoya mafupi, wanalala uani au shambani chini ya mikorosho, na hakuna aliyewahi kuwaza kuwachana. Kwa hiyo mtu akishuka na Poodle, mbwa wa manyoya ya kipilipili, kutoka Dar, au chotara wa Poodle, mtaa mzima unakuja kumwona yule kondoo mdogo. Miezi miwili haijapita, mwenye mbwa yuko mlangoni kwangu, mbwa kambeba mkononi, manyoya yameshikana kama mkeka.

Mimi si daktari wa mifugo. Namnyoa mbwa wangu mwenyewe uani, hapa Shangani, Mtwara, pamoja na wa watu wachache wanaoniomba. Maswali wanayokuja nayo, awe ametoka Mikindani au Lindi, ni yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili. Katika kila dalili naanza na chanzo ninachokikuta mara nyingi, na kile cha nadra kinakuja mwisho.

Kabla ya hapo, elewa unashughulika na kitu gani. Manyoya ya mbwa wa kawaida hukua kidogo, hukoma, hudondoka. Ya Poodle huendelea kukua kwa muda mrefu, karibu kama nywele za mtu, na unyoya uliokufa haufiki sakafuni: unanaswa kwenye mikunjo ya wenzake. Ndiyo maana watu husifu kwamba mbwa huyu hachafui nyumba. Uchafu ule haukupotea, umebaki mwilini kwake, na hapo ndipo fundo linapoanzia. Kipimo chako kiwe kimoja: kitana cha chuma kipite kutoka ngozini hadi nchani bila kukwama. Kama hakipiti, hujachana, hata kama umetumia saa nzima na mbwa anaonekana kama pamba.

"Namchana kila siku, mafundo yanarudi"

Chanzo cha kwanza, na karibu kila mara ndicho hichohicho: unachana juu juu. Brashi inateleza juu ya manyoya, juu panakuwa laini, chini kwenye ngozi kuna tabaka limeanza kushikana. Angalia hivi: chomeka kitana nyuma ya sikio, kwapani, kinenani na kwenye shina la mkia, ukiguse ngozini ndipo uvute. Kikisimama njiani, umepata jibu.

Dawa yake wanaijua wasusi wote. Hakuna msusi anayefumua nywele kwa kuanzia shinani. Mlaze mbwa ubavu, kwa mkono wa kushoto inua manyoya hadi uuone mstari wa ngozi, kisha teremsha kiasi kidogo tu na ukipitishe kwenye brashi ya waya, kuanzia nchani kurudi shinani. Ukimaliza mstari huo teremsha mwingine, mpaka umemaliza ubavu. Brashi ikimaliza, kitana kinapita kukagua. Mara ya kwanza itakula saa mbili na utakata tamaa. Ukishazoea, dakika 20 kila baada ya siku moja zinatosha.

Chanzo cha pili ni unyevu. Kuanzia Desemba hadi Aprili, mvua zikiwa zimekolea na hewa ya pwani ni nzito, mbwa aliyelowa asubuhi anaweza kufika jioni shina la manyoya bado halijakauka. Unyoya wa kipilipili ukikauka wenyewe hujikunja na kujivuta, na ukijivuta unakamata ule uliokufa. Kwa hiyo baada ya kuoga bonyeza maji kwa taulo. Usisugue, maana kusugua ndiko kunakosokota. Kisha tumia draya kwa moto mdogo huku brashi ikifanya kazi mpaka shinani pakauke. Umeme ukikatika katikati ya kazi, jambo ambalo hutokea, mpeleke kwenye upepo na uendelee kuchana. Usimwache akauke peke yake. Miezi ya kusi, Juni hadi Agosti, kazi hii ni nyepesi zaidi kwa sababu upepo ni mkavu.

Halafu kuna msuguano. Mkanda wa shingo unaovaliwa usiku na mchana hutengeneza pete ya mafundo. Ule wa kifuani unaharibu makwapa. Vua mkanda mbwa akiwa ndani ya ua. Na kama unampeleka kuogelea baharini, chumvi na mchanga vikikaukia mwilini hukwaruzana na unyoya na kuukausha. Msuuze kwa maji baridi ya bomba kabla hajakauka, siku hiyohiyo.

Mbwa akiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 18 kuna sababu nyingine: anabadilisha manyoya ya utoto kuwa ya ukubwani, na aina mbili hizo zikikaa pamoja hufungana hata ukichana vizuri. Usijilaumu. Mnyoe mafupi kipindi hicho kipite.

Na hapa niseme langu la moyoni. Zile picha za mbwa wenye manyoya marefu yaliyopeperuka ni za nchi za baridi na watu wenye nafasi. Kwa joto la Mtwara na mchanga wetu, sentimita mbili zinamtosha, na kama huna muda, moja.

"Fundo moja limegoma kabisa"

Usimwoshe kwanza. Narudia kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na yule wa kwanza. Nilidhani maji na povu vitalainisha. Fundo likilowa hukaza kama kamba ya jahazi, na mbwa wangu aliishia kunyolewa hadi ngozini. Chini ya lile blanketi nilikuta kupe wanne na kidonda ambacho sikujua kama kipo. Chana kwanza, osha baadaye.

Fundo likiwa dogo na kidole kinaweza kuingia kati yake na ngozi, nyunyiza wanga wa mahindi kidogo au kondishena ya mbwa iliyochanganywa na maji kwenye chupa ya kupulizia. Lishike shina kwa vidole ili ngozi isivutwe, kisha ligawe vipande kwa vidole, halafu kona ya kitana, kuanzia nje. Mafuta ya nazi watu huyapenda, na kweli yanatelezesha, lakini baadaye yanakusanya vumbi lote la uani na mbwa anayalamba. Mimi siyatumii.

Kidole kisipoingia, acha kufumua. Unamtesa bure. Fundo hilo linaondolewa kwa mashine, si kwa mkasi. Ngozi ya mbwa ni nyembamba, na fundo huivuta juu mpaka inakaa kama hema ndani ya manyoya. Unadhani unakata unyoya, kumbe umekata ngozi. Makovu mengi niliyoonyeshwa ni ya mkasi, na mengi yapo kwapani. Ukilazimika kutumia mkasi, pitisha kitana kati ya fundo na ngozi, ukate juu ya kitana tu.

Manyoya yakishashikana mwili mzima, nyoa yote. Wembe namba 10 wa mashine huacha karibu milimita 1.5 na ndio salama kupita chini ya mkeka. Kumbuka namba ikiwa kubwa manyoya yanabaki mafupi, kinyume na wengi wanavyodhani. Masikioni nenda taratibu. Sikio lililobeba mafundo kwa miezi likiachiwa ghafla, mbwa hutikisa kichwa kwa nguvu na damu inaweza kujaa ndani ya ukuta wa sikio. Mfunge kitambaa laini kuzunguka kichwa kwa saa chache, kisimbane koo. Sikio likivimba kama mfuko wa maji, ni la daktari.

Simama kabisa, weka mashine chini, kama chini ya manyoya unakuta ngozi inayotoka majimaji, harufu ya kuoza, au funza. Hapo mbwa anahitaji dawa ya maumivu kabla ya kuguswa, na hiyo wewe huna.

"Mashine inavuta, inakwama, inaacha mistari"

Angalia kwa mpangilio huu. Manyoya yana mchanga au hayajakauka? Hata mashine nzuri haitapita. Wembe una mafuta? Matone mawili ya mafuta ya cherehani, washa kwa nusu dakika, futa. Fanya hivyo kabla ya kuanza na tena katikati ya kazi. Umeshika mashine wima badala ya kuilaza sambamba na ngozi? Mistari inatoka hapo, na pia kwenye kusukuma haraka. Baada ya hayo ndipo ushuku wembe kuwa butu.

Mashine ya kinyozi ya kunyolea watu itamaliza Poodle mdogo kwa shida, lakini Poodle mkubwa itaungua. Motaa yake haikutengenezwa kwa wingi ule wa manyoya. Umeme ukiwa mdogo jioni, mashine hutetemeka bila kukata, basi ngoja asubuhi. Na kama ndugu yako amekuletea moja kutoka Marekani, soma nyuma imeandikwa volti ngapi kabla ya kuichomeka. Ya volti 120 tupu itakufa kwenye soketi yetu ya 230.

Kila dakika tano gusisha wembe ndani ya kiwiko chako. Ukikuunguza wewe, unamuunguza yeye.

"Nimemnyoa, ngozi imekuwa nyekundu na anajikuna"

Wekundu mwepesi tumboni na kinenani, unaopungua kesho yake, mara nyingi ni wembe uliopata moto au uliopita mara tatu sehemu moja. Kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, mzuie kulamba, basi. Ikiwa umenyoa hadi ngozi inaonekana, chanzo kinaweza kuwa jua. Watu hunyoa sana wakidhani wanampunguzia joto, kumbe ngozi iliyokuwa chini ya kivuli miaka yote inaungua kwa siku moja ya saa sita mchana ufukweni. Mweke kivulini wiki mbili.

Kisha fikiria sabuni. Sabuni ya kufulia na shampuu za watu hazimfai, kwani ngozi ya binadamu ina tindikali zaidi kuliko ya mbwa. Na hata shampuu ya mbwa ikibaki shinani huwasha. Suuza mpaka unyoya ulie kidoleni, halafu suuza tena. Kama maji ya kisima chako yana chumvi na povu halitoki vizuri, malizia na ndoo moja ya maji ya mvua au ya bomba.

Kunyoa pia hufichua yaliyokuwepo tangu awali. Punje nyeusi kama unga wa kahawa mgongoni karibu na mkia ni kinyesi cha viroboto: ziweke kwenye karatasi nyeupe yenye maji, zikitoa rangi ya damu umewapata. Kupe mtoe kwa kibano, ukimshika karibu kabisa na ngozi na kumvuta moja kwa moja bila kusokota. Tafuta masikioni, kati ya vidole na chini ya mkia.

Hapa sitanii. Usimpake mafuta ya taa. Usimwogeshe kwa dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa kukisia kipimo, eti kifuniko kimoja. Mbwa wa kilo sita si ndama, na dawa hizo huua. Nenda duka la dawa za mifugo ukiwa unajua uzito wa mbwa (panda mizani ukiwa umembeba, kisha peke yako, toa), uombe dawa ya mbwa. Mwenye paka aseme mapema, maana dawa za permethrini zinazomfaa mbwa ni sumu kwa paka.

Mpeleke kwa daktari ukiona madoa ya mviringo yasiyo na manyoya, magamba au upele unaosambaa, au kidonda chenye majimaji kilichokua ndani ya siku moja. Baadhi ya fangasi na upele huo huhamia kwa watu, na watoto ndio wa kwanza kuupata. Na mbwa mwenye kupe aliyelegea, hataki kula, ana homa, fizi zimepauka, hilo si suala la manyoya tena. Usisubiri Jumatatu.

"Ameoshwa juzi, leo ananuka"

Shina halikukauka, hilo ndilo la kwanza. Weka pua kwenye ukosi na kwapani: harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni ni unyevu. Kausha, chana, itaisha. Harufu ikitoka kichwani, angalia masikio, kisha kinywa. Ikiwa ni kali kama samaki na mbwa anaburuta makalio chini, ni tezi za pembeni ya mkundu, na sikushauri uzibinye mwenyewe. Ikiwa ngozi ina mafuta na imekuwa nene au nyeusi makwapani, kuna ugonjwa wa ngozi ambao shampuu ya dukani haiuwezi.

Kuhusu kuosha kwenyewe: kila wiki tatu au nne panatosha. Awe na beseni lake, ndoo yake na taulo lake. Kwenye nyumba zetu za pwani, ambapo wengi wanalichukulia suala la mate ya mbwa kwa uzito wa dini, hilo litakuepusha na ugomvi na shangazi. Na manyoya uliyonyoa yakusanye uyafukie, yasipeperukie ua wa jirani.

"Anatikisa kichwa na kukuna sikio"

Mara nyingi ni maji yaliyoingia wakati wa kuoga. Kausha kwa pamba uliyoizungushia kidole, mahali kidole kinapofika tu. Vijiti vya pamba vinasukuma nta ndani. Masikio ya Poodle yanalala na ndani yake mna manyoya, kwa hiyo hewa haipiti, na joto letu linamaliza kazi. Punguza kwa mkasi wenye ncha butu manyoya ya mlangoni mwa sikio. Kuyang'oa yale ya ndani kulikuwa desturi zamani, lakini sikio lisilo na shida liache, kwa sababu kung'oa kunaacha vidonda vidogo.

Aliyekuwa anazurura porini na akaanza ghafla kuinamisha kichwa upande mmoja, huenda ana mbegu ya nyasi ndani. Mbegu hizo huingia na hazirudi nyuma. Usimwagie mafuta, usichokonoe. Vilevile mwone daktari sikio likiwa jekundu, lina uchafu wa kahawia au usaha, au mbwa analia ukiligusa. Mbegu hizohizo, pamoja na kishona nguo, hukaa kati ya vidole, kwa hiyo baada ya matembezi ya kichakani panua vidole vyote vinne uangalie.

"Michirizi ya rangi ya kutu chini ya macho"

Kwa mbwa mweupe karibu kila mara ni machozi tu, yana rangi ya asili inayobaki kwenye unyoya. Futa kwa kitambaa chenye maji asubuhi na jioni, ukate manyoya yanayochoma jicho. Jicho likifumbwa, likiwa na matongo ya kijani au limepata ukungu, ni la daktari siku hiyohiyo.

"Nimekata ukucha, damu haikomi"

Umegusa nyama ya ndani. Kwenye ukucha mweusi haionekani, kwa hiyo kata vipande vyembamba, ukiona kitone cheusi katikati ya sehemu uliyokata, simama. Damu ikitoka, chovya ukucha kwenye wanga wa mahindi au unga wa ngano, ubonyeze dakika tano bila kuchungulia. Mbwa akae chini, asitembee. Ikipita nusu saa bado inatoka, nenda kwa daktari umwambie pia kama mbwa aliwahi kuwa na kupe, kwa sababu kuna ugonjwa wa kupe unaopunguza uwezo wa damu kuganda.

"Nikishika kitana tu, anang'ata"

Kwanza tafuta maumivu. Pitisha mkono mtupu mwili mzima bila kitana. Akigeuka ukigusa mahali pamoja tu, pana fundo, kidonda au kiungo kinachouma. Usichane hapo mpaka ujue ni nini.

Kama hapaumi popote, anakumbuka. Mara ya mwisho ulimvuta. Anza upya kama na mtoto anayeogopa kusukwa: kitana kiguse mgongo mara mbili, kipande kidogo cha dagaa kisicho na chumvi, kazi imeisha. Kesho mara tano. Miguu na uso viwe vya mwisho. Mchane kwenye kitu kisichoteleza, meza yenye mkeka wa mpira, na usimwache hapo juu peke yake hata kama simu inaita. Fanya asubuhi mapema. Akianza kuhema sana na kutoa mate mengi wakati wa joto, huo si ukaidi. Mwagie maji ya kawaida tumboni na miguuni, mpeleke kwenye upepo, na asipotulia ndani ya dakika chache muwahishe kwa daktari huku ukiendelea kumlowesha.

Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu ili atulie. Daktari wa mifugo anaweza kumlaza na ukamnyoa palepale, na kwa mbwa aliyeshikana mwili mzima hiyo ndiyo huruma.

Akikung'ata ngozi ikachanika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo, hata kama ni mbwa wako na jeraha ni dogo. Beba kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa, inayorudiwa kwa tarehe aliyoandika daktari. Na mbwa mpole aliyebadilika ghafla, sauti imekuwa ya ajabu, anashindwa kumeza, mate yanamwagika: usimfungue kinywa kutafuta mfupa. Mfungie mahali peke yake, watoto waondoke, na umpigie afisa mifugo wa halmashauri.